Olorgesailie kwa Lenzi za River Road

Jumatano, River Road

Lenzi zote mbili za kupigia picha anga la usiku zimetoka kwa mzee mmoja mwenye studio ghorofani River Road, juu ya duka la mikoba. Siku hizi riziki yake ni picha za pasipoti na za matanga. Kabati la kioo limejaa kamera za filamu ambazo hakuna anayeziulizia. Moja ni Super-Takumar ya milimita 50, f/1.4, ya Asahi ya Japani. Nyingine ni Sonnar ya milimita 135, f/3.5, ya Carl Zeiss Jena, iliyotengenezwa enzi za Ujerumani Mashariki. Zote ni za skrubu ya M42, za kuzungusha mpaka zikaze.

Leo nimekwenda kumlipa salio. Kabla ya kuhesabu pesa nikazimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma, tundu likiwa wazi kabisa. Kinachotafutwa ni nyuzi nyembamba nyeupe zilizotambaa ndani ya kioo. Hiyo ni kuvu, na ikishatanda, kila nyota kali inazungukwa na ukungu pichani. Mzee akacheka.

"Hiyo ya 135 haijawahi kushuka Mombasa, mama. Za pwani ndizo zinazoliwa na kuvu. Hii imekaa Nairobi maisha yake yote."

Takumar nayo haina kuvu, ila ukiiweka juu ya karatasi nyeupe unaona kioo kimekuwa na rangi ya strungi. Ndiyo kawaida yake. Ndani mna kioo kilichochanganywa na thoriamu, na mionzi hafifu ya thoriamu ndiyo inayokigeuza rangi miaka ikipita. Watu huianika juani, au chini ya taa ya urujuanimno, mpaka rangi itoke. Mimi bado. Nataka kwanza nione inafanya nini angani ikiwa hivyo ilivyo.

Nikiambiwa napoteza wakati na vyuma vya zamani, humtaja mwanaastronomia Edward Emerson Barnard. Huyu alikulia Nashville, Marekani, akaingia kazini kwenye studio ya picha akiwa bado mtoto. Mwaka 1889, akiwa kituo cha kutazamia nyota cha Lick kule California, alianza kupiga picha za Njia Nyeupe kwa lenzi ya inchi sita ya studio, ya kupigia watu picha, tena ya mitumba. Hapo hapo Lick palikuwa na darubini ya inchi 36, kubwa kuliko darubini zote za lenzi duniani wakati huo. Lakini darubini ya namna hiyo huona kidirisha kidogo mno cha anga, na nebula, yaani mawingu ya gesi ya angani, ni mapana. Tao linaloitwa kwa jina lake, lile nusu-duara jekundu linalolizunguka kundi la Jabari, ambalo wengi tumelizoea kwa jina la Orion, lina upana wa digrii kumi hivi: panga miezi mipevu ishirini ubavu kwa ubavu. Alilipata pichani mwaka 1894.

Tao hilo ndilo ninalolifuata wikendi hii, mwezi ukiwa mchanga.

Kamera ni Canon 600D ya mkono wa pili. Fundi wa mjini ameifungua na kuondoa kichujio cha nyuma kilicho mbele ya sensa, kile kibamba kinachopokea picha, akaacha cha mbele kinachozuia infraredi. Kile cha nyuma hukata sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656.3, na nebula nyingi zinang'aa kwa wekundu huohuo. Kamera isiyofunguliwa inaziona, lakini kwa tabu. Canon inapendwa kwa kazi hii kwa sababu ya hesabu ndogo ya vyuma: lenzi ya M42 inataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye sensa, na mdomo wa Canon uko milimita 44. Inabaki nafasi ya adapta nyembamba, na lenzi inaweza kufokasi mpaka kwenye nyota. Mwenye Nikon, yenye 46.5, ameshapitwa, anahitaji adapta yenye kioo ndani, na kioo hicho mara nyingi kinaharibu zaidi ya kinavyosaidia.

Usiku nimejaribu juu ya paa la ploti, South B. Sekunde ishirini tu na picha nzima imekuwa rangi ya chungwa. Nimeona mkanda wa Jabari na nyota za kuhesabika. Nikashuka nikalala.

Alhamisi, Kamukunji

Nyota zinatembea, kwa hiyo kamera lazima itembee nazo. Mashine za kiwandani zipo, bei yake ni ya kodi ya miezi. Yangu imetengenezwa na fundi wa jua kali anayeunda masanduku ya chuma ya wanafunzi: bamba mbili zilizoungwa kwa bawaba, bolti ya M6 inayosukuma bamba la juu, na mota ndogo inayoizungusha bolti mara moja kwa dakika. Mskoti George Haig ndiye aliyeutangaza muundo huu miaka ya 1970, na haujahitaji kurekebishwa sana tangu hapo.

Siri iko kwenye umbali kati ya bawaba na bolti. Bolti ya M6 ya kawaida hupanda milimita moja kila mzunguko, na anga huzunguka robo digrii na kachembe kila dakika. Ukizilinganisha unapata milimita 228.6.

"Nukta sita?" fundi aliniuliza siku ya kwanza. "Dada, hapa sisi tunapima kwa jicho."

Tukaazima kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, kwa jirani yake anayechonga vipuri. Leo amekaza nati, akapaka grisi, akakataa nyongeza niliyompa. Amesema nimletee picha.

Ijumaa, barabara ya Magadi

Shemeji ameendesha Probox. Lang'ata Road ilikuwa imeshikana mpaka Bomas, Rongai ndiyo usiseme. Kiserian tukanunua maji, makaa na mbavu za mbuzi. Pale Corner Baridi bonde lote linafunguka mbele yako, na kuanzia hapo ni kushuka tu, masikio yanaziba, joto linaingia kwa madirisha. Kutoka mjini hadi Olorgesailie, kwenye makumbusho ya mashoka ya mawe ya kale, ni kama kilomita 70, na mwinuko unapungua kwa zaidi ya mita 600.

Kambi iko ndani ya eneo la makumbusho, vibanda vichache na uwanja wa mahema. Jua lilipozama upepo ukapanda na vumbi likatanda upeo wote. Juu, hata hivyo, palikuwa safi, na hapo ndipo sisi wa ikweta tunapowazidi watu wa kaskazini. Mkanda wa Jabari unapita karibu kabisa na utosi wetu; saa mbili na nusu usiku mwezi huu wa Februari uko juu kileleni, mbali na vumbi, mbali pia na mwanga wa Nairobi unaochungulia kaskazini-mashariki nyuma ya milima ya Ngong.

Usiku wa leo nimeupa Takumar peke yake, maana milimita 50 inasamehe mengi. Kwenye sensa hii inashika digrii 25 kwa 17, Jabari mzima na nafasi inabaki. Kuifokasi kunataka subira. Pete ya lenzi hizi za zamani inazunguka taratibu, laini, na hugota pale penye alama ya nane iliyolala, ile ya umbali usio na mwisho. Lakini adapta ikiwa nyembamba kidogo, fokasi inazipita nyota kabla pete haijagota. Nimeelekeza kamera kwa Rijili, ile nyota ya mguu, nikaikuza mara kumi kwenye skrini, nikaisogeza pete mpaka kidoa kikawa kidogo kabisa, nikarudi nyuma unywele mmoja, kisha nikaifunga kwa tepu ya karatasi. Skrini ya 600D inageuka, la sivyo shingo ingekatika, maana unapiga picha ukitazama juu moja kwa moja.

Kwenye f/1.4, tundu likiwa wazi kabisa, katikati ya picha nyota zinakubalika, lakini pembeni zinaota mbawa, na zenye mwanga mkali zimevaa pete ya zambarau. f/2 nafuu. f/2.8 nyota zimekaa mpaka karibu na kona. Nasema hivi kwa sababu hii 1.4 ndiyo inayopandisha bei: mzee wa River Road aliniuzia Takumar karibu mara tatu ya Sonnar. Unalipia tundu ambalo hutalifungua. Ukinunua kwa ajili ya nebula, chukua ya f/2 au hata f/2.8 iliyo safi, chenji nunulia tripodi nzito.

Baada ya hapo nikaigeuzia magharibi, kwa Kilimia, kile kishada cha nyota. Mlinzi wa kambi, mzee wa Kimaasai mwenye shuka mbili na rungu, alikuwa amesimama kando muda wote bila kusema neno. Nilipomwonyesha kwenye skrini akainama.

"Hizo ni Kilimia," akasema. "Mama, unazipiga picha za nini? Hizo ni za kuangalia mvua."

Shemeji, mtu wa Malindi, akadakia palepale: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Wawili hao wakaketi kwenye mbavu za mbuzi wakibishana kama mwaka huu kitazama kwa jua au kwa mvua. Mimi nikabaki na skrini yangu, nikitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kilimia kimezungukwa na vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zake, vumbi la samawati. Takumar imenipa nyota zote nzuri na vumbi karibu hakuna. Kioo cha njano kinameza samawati.

Jumamosi, Olorgesailie

Kwa milimita 135 kubahatisha hakufai. Bawaba ya mashine lazima ielekee sawasawa kwenye ncha ambayo anga linaizunguka. Watu wa Ulaya wanalenga nyota ya kaskazini na kazi imekwisha. Hapa, latitudo digrii 1.6 kusini, nyota ya kaskazini iko chini ya upeo, na ncha ya kusini iko digrii moja na nusu tu juu ya ardhi, ndani ya vumbi, pasipo nyota ya maana. Hakuna cha kulenga. Lakini ndiyo faida pia: bawaba inalala karibu mlalo kabisa. Pimamaji ya waashi inatosha, halafu unainua ncha ya kusini kidogo. Kitako changu kina urefu wa sentimita 30, kwa hiyo nimekiwekea kipande cha mbao cha milimita nane. Bawaba magharibi, bolti mashariki, bamba linainuka na kulalia magharibi pamoja na nyota.

Inabaki kujua kaskazini ya kweli. Dira ya simu karibu na bamba la chuma inasema inavyotaka. Nimetumia jua. Saa nne asubuhi nimesimika fimbo ya mita moja kwa timazi, kwenye udongo mweupe uliosawazishwa. Saa nne na nusu nikaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, nikafunga kamba kwenye fimbo na kuchora duara linalopita kwenye kijiwe hicho. Kivuli kikaanza kufupika, kikaingia ndani ya duara. Hapa saa ya ukutani inatangulia jua: mwezi huu jua linafika kileleni kama saa sita na dakika 48, si saa sita kamili. Kupima kivuli wakati huo ni kujidanganya, maana jua likiwa karibu na utosi kivuli ni kifupi, na kwa dakika moja kinageuka zaidi ya digrii moja. Unangoja kirefuke tena. Saa tisa na dakika chache alasiri ncha yake ikagusa duara upande wa pili, kijiwe cha pili. Katikati ya vijiwe viwili, kutoka kwenye fimbo, ndiko kaskazini. Nimepigilia misumari miwili na kuvuta uzi.

Kwa nini taabu yote hiyo? Ukikosea digrii moja, nyota inaweza kuhama kiasi cha sekunde 16 za tao kwa dakika (hizi ni sekunde za pembe, 3,600 kwa digrii moja). Kwenye lenzi ya 50 hiyo haifiki pikseli moja. Kwenye 135, ambako pikseli moja ya kamera hii ni sekunde 6.6 hivi, ni zaidi ya pikseli mbili, na nyota zote zinakuwa vijiti.

Kati ya kijiwe na kijiwe tulikwenda kutembea kwenye daraja la mbao juu ya yale mashoka ya mawe. Yapo mamia kwa mamia, yamelala pale pale yalipoangushwa na watu wa kale, mengine yana umri wa zaidi ya miaka nusu milioni. Mwanajiolojia John Walter Gregory alipita hapa mwaka 1919, na Mary na Louis Leakey wakaja kuchimba miaka ya 1940. Shemeji alitaka kujua walikula nini. Mwelekezi akatuonyesha mifupa.

Usiku: upepo umetulia. Kwenye Sonnar nimeviacha visu vya tundu lake wazi kabisa, na anayetaka kuvifunga aweke swichi kwenye M, maana kwenye A adapta hii haikibonyezi kile kipini cha nyuma ya lenzi na visu havijifungi hata ungezungusha pete mpaka kesho. Badala yake nimekata duara la manila nyeusi lenye tundu la milimita 30 katikati na kulivalisha mdomo wa lenzi. 135 kugawanya kwa 30 ni 4.5, basi ni f/4.5. Kwa nini manila wakati visu vipo? Visu huacha tundu lenye pembe, na kila ukingo wake ulionyooka unachora miale kwenye nyota kali; tundu la duara halichori chochote. Kwa lenzi ya 50 ujanja huu haufai, manila itakata kona za picha, tumia visu.

Kwanza nikapiga bila manila, f/3.5, nione tofauti. Alnitak, nyota ya mashariki ya mkanda, ilikuwa na pete ya zambarau iliyofunika nusu ya ile nebula ya Mwali iliyo kando yake. Nilipovisha manila pete ikanywea, Mwali ukatoka na ile mishipa yake myeusi, na chini yake Kichwa cha Farasi, lile wingu jeusi la vumbi, kikaonekana kwenye picha moja tu ya sekunde 60, ISO 1600. Kidogo, ndiyo, lakini shingo yote ipo. Shemeji alikitazama muda mrefu, akasema anaona punda. Chini zaidi, nebula kuu ya upanga, iliyo miaka ya nuru kama 1,350 kutoka hapa, imeungua katikati. Hiyo nimeipigia nyingine za sekunde kumi za kuchanganya baadaye.

Tao halionekani kwenye picha moja. Nimesogeza kamera mashariki ya mkanda na kuacha mota ifanye kazi. Kero ya mashine hii ni bolti iliyonyooka: kadiri bamba linavyofunguka, kasi inaanza kupotea, na ikipita dakika ishirini nyota za 135 zinaanza kurefuka. Kila robo saa narudisha bolti mwanzo na kulenga upya kwa kutazama nyota zilezile. Ni kazi ya kijinga na inachosha. Fisi walikuwa wanalia upande wa korongo, mlinzi akaniambia wako mbali, kisha akasogeza kiti chake karibu na moto.

Joto ni adui mwingine. Usiku wa bonde hili si wa sweta. Sensa inapata moto na picha inajaa chengachenga nyekundu. Dawa yake ni kufunika lenzi na kupiga picha za giza kwa muda uleule, ISO ileile, kabla joto halijabadilika. Programu inazitumia kutoa uchafu huo. Nimepiga nyingi wakati nikinywa chai.

Baada ya saa saba usiku Jabari alikuwa amelala magharibi, na kusini, juu ya mlima Olorgesailie, Nebula ya Mkuku (Carina) ilikuwa imepanda digrii 32, karibu na Salibu, ule msalaba wa nyota wa kusini. Nicolas-Louis de Lacaille aliiandika mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema. Haihitaji subira hata kidogo. Picha ya kwanza tu, waridi limejaa katikati ya nyota, na vumbi jeusi limeipasua. Mtu anayeanza, na ambaye hana uhakika kama lenzi yake ya mitumba inafaa, aielekeze huko kwanza.

Jumapili, South B

Asubuhi kabla ya kufungasha nimevisha lenzi fulana nyeupe na kupiga anga la alfajiri, picha za kusawazisha kona zilizo giza na vumbi lililoingia kwenye sensa. Pete ya fokasi haikuguswa. Tepu imetoka baada ya hapo. Njiani hakuna la kusimulia.

Jioni nimezipanga zote kwenye Siril, programu ya bure. Zile za Takumar za f/2.8 zilipolala juu ya nyingine na nikavuta mwanga wa chini, Tao la Barnard limetoka lote, jekundu, kutoka juu ya mkanda, likashuka mashariki mpaka karibu na Rijili. Unjano haukulipunguzia kitu, maana wekundu unapita humo bila shida, na kwa maoni yangu ule unjano umesaidia kukata zambarau pia. Tao la Sonnar ni kipande tu, digrii tisa kwa sita, lakini kipande chenye nyuzinyuzi ambazo Takumar haikuzigundua. Rangi ya samawati ya vumbi lililo juu ya nebula kuu imetoka vizuri kwenye Sonnar. Kwenye Takumar ni ya kijivu.

Kwa hiyo Takumar siianiki. Itabaki ya wekundu, Jabari na Mkuku. Kilimia nitakipiga kwa Sonnar, Novemba au Desemba mvua zikipisha.

Jumanne, Kamukunji

Fundi ameitazama picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaniuliza wapi pale chuma chake kilipofanya kazi. Nikamwonyesha nyota za kona. Akasema ni duara, sawa, lakini ile bolti iliyonyooka ni aibu. Tumekubaliana aipinde studi ya M6 iwe tao la nusu-kipenyo cha milimita hizohizo 228.6, nati ndiyo izunguke badala ya studi, kwa gia mbili za plastiki kutoka printa iliyokufa. Hapo nitapata saa nzima bila kurudisha. Ametaka shilingi 1,200 na kalipa ibaki kwake mpaka Ijumaa.